Sauti ya Dar es Salaam na Albamu Zake

Mgeni akitaka kusikia leo jinsi Dar es Salaam ilivyosikika usiku wa Jumamosi mnamo mwaka 1980, atapewa albamu. Na albamu hiyo, ndugu msomaji, haitakuwa imetengenezwa Dar es Salaam. Huenda ikawa ile iitwayo "Sikinde" ya Mlimani Park Orchestra, iliyotolewa mwaka 1994 na kampuni ndogo ya Africassette ya mjini Detroit, Marekani. Huenda ikawa "Musiki wa Dansi", mkusanyo wa bendi mbalimbali uliotolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 1995 (ndiyo, wameandika "musiki", na hivyo ndivyo lilivyobaki jina lake). Au ikawa moja ya zile za mfululizo wa "Zanzibara", ulioanza kutoka mwaka 2005 kwa kampuni ya Buda Musique ya Paris. Zote ni albamu nzuri. Ninazisikiliza, na sioni aibu kusema kwamba baadhi ya nyimbo za ujana wangu nimezisikia vizuri kwa mara ya kwanza kutoka kwenye diski iliyosafiri kutoka Ulaya. Lakini kila ninapozisikiliza hunijia swali lile lile: ilikuwaje mji uliojaa bendi namna ile usijitengenezee albamu yake wenyewe? Na hizi zilizotengenezwa mbali, zimeshika nini hasa cha mji huo?

Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa wingi wa bendi. Vijana inabidi waelezwe, maana hawataamini. Karibu kila taasisi yenye jina ilikuwa na bendi yake. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz, hata watu wakachoka kufuatilia wakaiita tu kwa jina la mtindo wake, Msondo. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la mabasi, UDA, lilikuwa na bendi; Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee; polisi na jeshi nao walikuwa na zao. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na mshahara wake uliingia mwisho wa mwezi kama wa karani. Magitaa, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya shirika. Aliyehama bendi aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu, na ndiyo maana kuhama kwa mwimbaji mmoja kulizungumzwa mitaani kama kuhama kwa mchezaji kati ya Simba na Yanga.

Mpango huo ulikuwa na faida ambayo haisemwi vya kutosha. Bendi yenye mshahara haikulazimika kuishi kwa kuuza santuri. Iliweza kuwa na watu kumi na tano au zaidi, ikaweka wapuliza tarumbeta na saksafoni, ikaweka waimbaji wanne au watano mstari wa mbele, na ikafanya mazoezi siku za kazi kama watu waendao ofisini. Sauti pana ya Dar es Salaam, ile ambayo wageni waliitafuta baadaye, ilitokana na hesabu hiyo ya mishahara. Lakini mpango huo huo uliifanya albamu isiwe na mwenyewe. Shirika la bima au la teksi halikuwa na haja ya kuuza muziki. Lilitaka jina lake litajwe ukumbini.

Na hata angetokea mwenye haja, santuri angeifyatulia wapi? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kilichofanya kazi. Viwanda vilikuwa Nairobi, na makampuni makubwa ya kimataifa yalikuwa na matawi yao huko. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye wengi bado tunamhesabu kuwa mpiga gitaa mkubwa kuliko wote waliotoka nchini, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa santuri zilizofyatuliwa Kenya. Alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979, ni huko huko Kenya ambako nyimbo zake zilikusanywa katika albamu zilizoitwa "Ukumbusho". Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakaunda Simba Wanyika, na wao wakapata albamu zao wakiwa hai, kwa sababu walikaa jirani na mashine. Agwaya ya Orchestra Makassy, bendi iliyokuwa yetu, ilirekodiwa Nairobi na kutolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza mwaka 1982. Hapa nyumbani Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, ilikabidhiwa kazi ya kusimamia santuri. Mpango wake wa kujenga kiwanda haukukamilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Katika miaka hiyo hiyo sita ndipo Mlimani Park, Juwata, Maquis, Vijana na Dar International zilipokuwa kwenye kilele chao. Albamu yao ingepaswa kuvuka mpaka uliofungwa.

Kilichobaki ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere, ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi zilikwenda kwa zamu na nyimbo zao mpya. Mashairi yalipitiwa kwanza, ili lisipite neno lisilotakiwa. Kisha watu waliingia chumbani wote kwa pamoja, waimbaji na wapuliza na magitaa na tumba, na wimbo ukapigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kumrekodi mpiga besi leo na mwimbaji kesho. Mmoja akiteleza, wote walirudi mwanzo. Bendi ilipewa malipo madogo, kanda ikabaki rafuni, na wimbo ukaanza kwenda hewani hadi mtoto wa shule wa Sumbawanga akaujua kwa moyo bila kuiona bendi hata mara moja.

Kanda hizo hazikurekodiwa ziuzwe. Naomba jambo hili lizingatiwe, maana ndilo linaloeleza ubora wake. Zilirekodiwa zipigwe katika vipindi, na kipindi hakina upande wa kwanza na upande wa pili. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika nne au tano kila upande, na muziki wa dansi haukutosha humo. Wimbo wetu ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza ni ile ya taratibu, ambapo kisa kinasimuliwa: mume amempa mkewe talaka kwa hasira, mtoto amewatupa wazazi, rafiki amekopa hajalipa. Waimbaji wanapokezana, tarumbeta zinajibu, gitaa la pili linazunguka katikati ya solo na ridhimu kama mshonaji anayeunganisha vipande viwili vya kitambaa. Halafu, bila onyo, ngoma inabadilika, mwendo unakazwa, maneno yanapungua na magitaa yanachukua nafasi. Hiyo ndiyo chemko. Kisa kimekwisha kusemwa, sasa watu wacheze.

Santuri ya Nairobi iliukata wimbo huo hapo hapo. Upande mmoja uliandikwa "Sehemu ya Kwanza", sauti ikafifia wakati wapuliza wakijiandaa. Ukaigeuza santuri, ukaweka sindano, na ndipo chemko ikaanza kana kwamba ni wimbo mwingine. Nimewahi kuona vijana wakicheza upande wa pili peke yake mara kumi mfululizo, hawajui hata kisa kinahusu nini. Redio iliuacha wimbo mzima. Dakika saba, dakika nane, kadiri ulivyohitaji. Kwa hiyo watu wa Detroit na wa Paris walipopata nakala za kanda za redio na kuzitia kwenye diski, walifanya jambo ambalo santuri haikuweza: walitupa wimbo wenye viungo vyake vyote. Sikiliza "Neema", wimbo wa Cosmas Chidumule na Mlimani Park. Anayeusikia ukiwa mzima anaelewa kwamba chemko ni malipo. Umesubiri, umesikia shida ya mwenzako, umestahili kucheza.

Hata hivyo redio nayo ilikuwa na kisu chake. Ukumbini, DDC Kariakoo au Amana au pale Mlimani Park penyewe, chemko haikuhesabiwa kwa dakika. Ilikwisha watu walipotosheka. Nilikuwa kijana wa kupelekwa na mjomba, na kitu ambacho hakimo katika albamu yoyote ni namna kiongozi wa bendi alivyowatazama wachezaji kabla hajatoa ishara ya kufunga. Akiona duara la akina mama limeanza kuzunguka pole pole katikati ya ukumbi, anamgeukia mpiga solo na kumpa mzunguko mwingine, na mwingine. Hamna pia watu waliopanda jukwaani kumbandika noti mwimbaji kwenye paji la uso. Hamna vicheko wala chupa, wala ule mvumo wa vipaza sauti vilivyochoka, ambavyo vipuri vyake havikupatikana kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa za mafuta na dawa. Studio ya redio ilikuwa chumba kimya, na katika chumba hicho bendi ya kuchezesha watu mia tano ilipiga mbele ya fundi mitambo mmoja au wawili. Wengine husema ndiyo maana nyimbo zile zina huzuni kidogo. Sikubaliani nao sana. Huzuni ilikuwamo katika mashairi tangu mwanzo.

Mimi mwenyewe nina kanda moja niliyorekodi nyumbani kutoka kwenye redio ya mkulima, kwa kusogeza kinasa sauti karibu na spika na kuwaomba wadogo zangu wanyamaze. Hawakunyamaza. Ndani yake kuna wimbo wa Dar International, na juu ya utangulizi wake mtangazaji anasoma salamu: fulani wa Ifakara anawasalimu fulani na fulani wa Kigoma, ujumbe wake ni maisha ni safari ndefu. Kisha Marijani Rajab anaanza kuimba. Wakusanyaji wa albamu walikwenda kwenye kanda za asili, zisizo na salamu, na walifanya vema. Lakini kwa sisi tuliokuwa mbali na ukumbi, salamu zilikuwa sehemu ya wimbo. Nikiusikia wimbo huo katika diski safi, huwa nasubiri Ifakara itajwe.

Haifai kuwasema wakusanyaji hao kana kwamba walikuja kuiba. John Storm Roberts alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya uandishi Nairobi katika miaka ya sitini, akazipenda santuri za huku, na baadaye akiwa Marekani akaanzisha kampuni yake, Original Music. Alitoa "The Tanzania Sound" mwaka 1987, na mwaka 1995 akatoa "Dada Kidawa", mkusanyo wa nyimbo zetu za miaka ya sitini. Bila yeye, wengi wasingejua leo jinsi magitaa ya wakati huo yalivyolia, kabla ya vyombo vya umeme vikubwa kuja. Mjerumani Werner Graebner alifanya kazi ya miaka mingi ya kutafuta kanda, kuwahoji wanamuziki na kuandika maelezo ya albamu za Zanzibara, pamoja na ile ya tano, "Hot in Dar", inayohusu miaka ya 1978 hadi 1983. Walifanya kazi ambayo ilikuwa yetu.

Tatizo ni kwamba chaguo la mtu mmoja hugeuka kuwa historia ya mji mzima. Mkusanyo una nafasi ya nyimbo kumi au kumi na mbili. Rafu za redio zina maelfu. Wimbo uliochaguliwa unapigwa katika redio za Ulaya, unaandikiwa, unakusanywa tena na mwingine ambaye amejifunza kutokana na mkusanyo wa kwanza. Usiochaguliwa unabaki gizani, na baada ya miaka ishirini kijana wa hapa hapa Dar es Salaam anafikiri bendi zilikuwa nne tu. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, Tabora ilikuwa na bendi zake, Morogoro hali kadhalika, na nyingi katika hizo zimepata wimbo mmoja au miwili pembeni mwa jalada, au hazikupata. Mpaka sasa sijaona albamu iliyokusanywa na mtu aliyekuwa akienda ukumbini kucheza.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa, nayo ni kumchukua mwanamuziki na kumpeleka kwenye studio bora. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978, akawa wetu kabisa kwa lugha na kwa maneno ya mitaani. Kanda yake ilifika Uingereza, akaalikwa katika maonyesho ya WOMAD mwaka 1988, na kampuni ya Real World ikamrekodi katika studio yake kijijini Box: "Songs for the Poor Man" ikatoka mwaka 1989, na "Mambo" mwaka 1992. Kila chombo kinasikika kimoja kimoja, kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Ukitaka kusoma vidole vya mpiga gitaa, hakuna mahali pazuri zaidi. Lakini katika "Mambo" Remmy anaimba na kwa Kiingereza, maana wasikilizaji walio mbele yake wamebadilika, na chemko zake zinakwisha mapema. Nasema hivi nikimheshimu sana marehemu, aliyefariki Desemba 2010. Albamu zile zimemshika Remmy barabara. Mji alioukusanya kinywani mwake, wa Sinza na Manzese na foleni ya daladala, unasikika zaidi katika kanda zake za redio, zenye mvumo na zote.

Sasa fedha. Santuri nyingi zilizofyatuliwa Nairobi kutokana na kanda za Dar es Salaam ziliuzwa bila wapigaji kujua, na hata waliojua walikuwa na mpaka mbele yao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo, lakini mwanamuziki aliyekuwa mwajiriwa wa shirika, akirekodi katika studio ya serikali, kwa gitaa lisilo lake, angeanzia wapi kudai? Sheria mpya ilitungwa mwaka 1999, na chini yake ikaundwa COSOTA. Kwa wakati huo redio binafsi zilikuwa zimeshaanza kuenea, mashirika mengi yaliyomiliki bendi yalikuwa yamebinafsishwa au yamekufa, na wapigaji wengi wa miaka ile walikuwa wazee au wametangulia. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Katika albamu zote hizo, ipo moja ambayo naona imekaribia kuushika mji kuliko nyingine, nayo ni ya saba katika mfululizo wa Zanzibara. Jina lake ni "Sikinde vs Ndekule". Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja aliichukua sehemu kubwa ya safu ya mbele ya Mlimani Park, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, akaunda nao International Orchestra Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule. Mlimani Park ikabaki na jina na mtindo wa Sikinde, uliotokana na ngoma ya Wazaramo, ikajaza nafasi zilizoachwa na kuendelea. Mji ukagawanyika. Nawafahamu watu waliooana wakiwa pande mbili tofauti na kila Jumamosi ilikuwa kesi. Albamu hiyo imeziweka bendi mbili uso kwa uso, na ukiisikiliza mfululizo unasikia kitu ambacho mkusanyo wa kawaida hauwezi kukupa: bendi moja inamsikiliza jirani yake na kumjibu. Tarumbeta za huku zinajua kilichopigwa kule wiki iliyopita. Huo ndio uliokuwa mji, bendi zikisikilizana kwa wivu.

Gurumo alikuwa amesimama pande zote mbili. Alitoka NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, akaenda Ndekule, na mwisho akarudi Msondo, bendi ile ile ya chama cha wafanyakazi iliyokwisha kubadilishwa majina mara kadhaa. Alistaafu mwaka 2013, baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka huo kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, alimzawadia gari, na picha za mzee akikabidhiwa zilisambaa magazetini. Alifariki Aprili 2014. Sauti yake imo katika albamu za New York, Detroit na Paris, na imo katika kanda zilizoko Barabara ya Nyerere, ambako nyingi ya nyimbo zake bado hazijatolewa rafuni.